Kipande Anajilamba

4 Februari

Mwanangu,

U mzima? Na yule bibi unayemtunza, bado anakurushia kijiko? Mimi sijambo, mkono wa kushoto tu unaniwasha kidogo, labda vumbi la vitambaa. Utanicheka tena kwamba naandika ujumbe wa simu kama barua, lakini siwezi kumvamia mtu na shida kabla ya kumjulia hali.

Shida ni paka wako. Kipande anajilamba, na sisemi kule kujilamba kwa kawaida kwa paka. Tangu uondoke alianza na tumbo, akahamia mapajani, na sasa manyoya yamekwisha, ngozi iko nje, nyekundu. Nikimwita ananitazama, halafu anarudi kwenye shughuli yake. Jirani kasema ni viroboto. Nimemwogesha, akaniparura vizuri, na kiroboto sikuona hata mmoja. Niambie nifanyeje, maana uliniachia kiumbe mzima.

Wako, Mama

6 Februari

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Bibi naye mzima, kijiko siku hizi anakificha chini ya mto. Pole na mkono.

Sasa Kipande. Usimwogeshe tena, maji yanamtia wazimu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho, usingoje. Na nakuomba usimkemee. Unakumbuka nilivyomtoa kwenye kikapu chako cha vipande vya vitambaa, mdogo kama soksi? Huko nyumbani sina mwingine zaidi yako na yeye. Akifa nikiwa huku sijui nitakuwa mgeni wa nani.

Leo nitakurekodia sauti nikiwa bafuni. Mwajiri hapendi nipige simu.

Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini unakula vizuri. Mimi namshukuru Mungu, mkono bado unawasha, si kitu.

Daktari amempapasa Kipande, akamkwangua ngozi, akaitazama kwa kile kioo cha kukuza. Hakuna viroboto, hakuna upele. Akaniuliza, "Kuna mtu amehama nyumbani?" Nikacheka. Nikamwambia, daktari, huyu ni paka, safari za watu zinamhusu nini? Hakucheka mwenzangu. Alisema kile kidonda kikiingia uchafu tutampoteza.

Alimvalisha kola ya plastiki shingoni. Kipande akagoma kula, akawa anagongana na miguu ya cherehani kutwa nzima. Nikaivua. Nikamshonea fulana kutokana na lile gauni lako la kijani, mikono minne, vifungo mgongoni, kazi safi ambayo mteja angenisifu. Ameilamba mpaka imetoboka.

Mwanangu, nimeishiwa maarifa. Kila jioni nazifungua sauti zako kwa nguvu zote ili apate faraja. Anakwenda mlangoni, anakaa pale anausubiri ufunguke, kisha anarudi kujilamba mpaka anatoka damu. Namkumbatia, ananiponyoka. Jana nililia naye.

Wako, Mama

20 Februari

Mama, shikamoo.

Leo salamu ni fupi, nisamehe. Zima sauti zangu! Akizisikia anadhani nimekuja. Anakwenda kunipokea, hanioni. Kila jioni tunamdanganya, mimi na wewe, na ndiyo maana anajimaliza.

Usimfungulie tena, hata moja. Mpe chakula saa zilezile. Mchezee na uzi. Akianza kujilamba usimshike wala usipige kelele, mtupie kifundo cha kitambaa akikimbize. Mama, tafadhali. Nafua mashuka ya watu huku machozi yananitoka.

Binti yako

11 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Baridi imepungua? Mimi nipo, mkono umevimba kidogo, cherehani nimeipumzisha.

Nimefanya kama ulivyosema. Kwanza nilijaribu kuiba. Niliingia chooni, nikafunga mlango, nikakusikiliza sauti ikiwa chini kabisa. Akaja akaukwaruza mlango kama mtu anayedai haki yake. Basi nikazifuta zote. Zikibaki nitashawishika, najijua.

Siku za mwanzo aliendelea vilevile, na chakula hakugusa. Nikasema tumechelewa, nikamtafutia mpaka pa kumzika, nyuma ya ukuta. Sasa anakimbiza uzi, ananivurugia nguo za wateja, kidonda kimekauka. Juzi nimepitisha kidole tumboni nikakuta manyoya, mafupi, laini. Furahi, mwanangu. Usitufikirie sana, maliza mkataba wako.

Wako, Mama

11 Machi, jioni

Mama, shikamoo.

Nilifurahi mpaka bibi akaniuliza nina nini. Kisha nikazirudia barua zako tangu ya kwanza. Kila uliponieleza habari za Kipande umeutaja mkono. Na mimi nikauruka, nikamkimbilia paka.

Kila asubuhi namgeuza bibi wa watu kitandani, namkagua ngozi mgongo mpaka visigino, nikiona alama ndogo tu namwita nesi! Umekwenda hospitali? Wewe uliyekuwa unashona na homa, leo umesimamisha cherehani, halafu unaniambia nifurahi?

Nikivunja mkataba hawatanichukua tena huku. Hilo nalijua na nimelifikiria, kwa hiyo usianze nalo. Nijibu moja tu. Nije?

Binti yako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Leo sisemi sijambo.

Nimejikuna mpaka kwenye kiwiko, nimeufunga mkono kitambaa. Unazidi jioni, ule muda niliokuwa nakusikiliza. Jana nilikwenda zahanati. Daktari akauangalia, akaniuliza kama nimebadili sabuni, nimekula nini, nina mawazo gani. Kisha akaniuliza kama kuna mtu amehama nyumbani. Safari hii sikucheka. Nilimjibu hapana, kwa sababu foleni ilikuwa nyuma yangu na niliogopa kulia mbele za watu.

Kipande amelala kikapuni, miguu juu, tumbo limejaa manyoya. Yeye kutokusikia kumemponya. Mimi kumenishinda.

Nimeandika "usije" mara nyingi kwenye simu hii, nikafuta. Sasa sifuti.

Njoo.

Mama yako