Anayekula kwa Niaba ya Trekta

Nkoma, Mbale
3 Machi 2025

Mwanangu Juwairiya,
Asalaam aleikum. Unalala vizuri huko Jinja? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, isipokuwa baba yako mdogo Jamiru. Tangu tuuze maksai wote tununue hiyo trekta unayolimia watu huko, anakaa barazani amenuna kama mke mwenza. Maisha yake yote alishika plau, sasa hana cha kushika.

Dereva wa basi ameniambia wateja watatu wamekukataa, wamerudi kwa wenye ng'ombe. Umewafanya nini, mwanangu? Trekta ikikosa kazi, hatuna tena maksai wa kurudia. Na usiikimbize, nakuomba.
Mama yako

Jinja
7 Machi

Mama mpendwa,
Waaleikum salaam. Kifua kimepona, tumbo ndilo shida. Huku ni kama kwetu: mwenye shamba huwapikia wanaomlimia. Kikosi cha maksai kilikuwa watu wanne. Mimi niko peke yangu, na bado wananipikia sufuria ya watu wanne. Trekta inamaliza mashamba matatu kwa siku, basi sufuria tatu. Nikisema nimeshiba, wanasema binti wa Mbale ana maringo. Juzi nilikula zote, nikasinzia kwenye usukani, nikalima hadi vitunguu vya jirani.

Bi Namono, mjane mmoja wa hapa, alinifukuza. Alisema, "Mtu asiyekula kwangu, ardhi yangu anaitakia nini?"
Mwanao Juwairiya

Mbale
9 Machi

Mwanangu,
Salaam, na pole na tumbo. Barua yako imenichekesha, halafu ikaniogopesha. Vitunguu vya watu jamani. Namtuma Jamiru kwa basi la asubuhi. Hatagusa trekta. Atakaa kivulini, atanawa mikono, atakula. Aliuliza ni kazi gani hiyo, nikamwambia ni ile ile ya zamani, tumeondoa plau tu. Anataka aitwe msimamizi. Mwite.
Mama yako

Jinja
28 Machi

Mama mpendwa,
Natumaini lile goti lako linalokusumbua limepoa. Nisamehe kimya, kazi imenizidi. Baba mdogo anakula, anasifu mchuzi, anauliza habari za mbuzi wa kila nyumba. Wale watatu wamerudi na majirani zao. Wanapiga simu kuuliza kwanza kama mzee Jamiru yupo, ndipo waulize trekta.

Ila kuna neno. Shamba la Bi Namono nimelilima mara tatu na mbegu hajanunua. Jana nilisema udongo umeshakuwa unga. Baba mdogo akanijibu, "Bado kuna bonge pale kwenye kona." Jioni akanituma nikuandikie: wanataka kuoana. Nimewafurahia, lakini anasema mume wa mtu hawezi kuzunguka akila kwa wanawake wengine. Wiki ijayo mashamba yamejaa. Nifanye nini, mama?
Mwanao Juwairiya

Mbale
30 Machi

Mwanangu,
Salaam nyingi, goti ni lile lile. Mwambie Jamiru nimekubali, na siku ya harusi ajizuie kidogo, bibi harusi asije akahesabu matonge akabadili nia.

Wateja wasikunyime usingizi. Kuku nimewaacha kwa jirani Edinah, na kiti cha basi la kesho nimeshalipia. Daktari amenikataza mafuta, lakini daktari hana trekta. Wewe lima tu. Mimi nitakula.
Mama yako