Waliokuja Kumzika Achieng

Jumapili, Rodi Kopany. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imepungua, lakini njia ya sokoni bado ni tope tupu. Cherehani yangu imefunikwa. Sina hamu ya kushona, sina hamu ya kula, na nikisema ukweli, sina hamu ya kumsaidia mtu yeyote tena.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika, nikaifuta, halafu nikairudisha. Kama siwezi kusema ukweli hapa, nitausemea wapi?

Juzi Ijumaa tulimzika Achieng.

Wanaosoma ukurasa huu mara kwa mara wanamfahamu kidogo, ingawa sikuwahi kumtaja kwa jina. Ni yule msichana wa darasa la tatu aliyependa kukaa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akiokota vipande vya kumshonea mwanasesere wake. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu ambao huku wengi huuita siko seli. Mdogo wake, Ouma, anao pia. Baba yao alifariki zamani. Mama yao hufulia watu nguo, na kwa mvua kama hii hakuna anayemwita.

Kikundi chetu si shirika. Hatuna ofisi wala gari. Ni watu wachache wa mji huu mdogo: Nereah anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, Mwalimu Okoth aliyestaafu, mimi fundi wa nguo, na wengine wanaoingia na kutoka. Tunapika uji wa watoto, tunagawa mahindi tukiyapata, na mgonjwa asiye na mtu wa kumsindikiza hospitalini Homa Bay tunamsindikiza. Achieng na Ouma walikuwa wangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Ilitokea tu kwamba kila kliniki mama yao alipitia dukani kwangu, nikafunga, tukaenda.

Wiki mbili zilizopita Achieng alizidiwa. Macho yalikuwa ya manjano, viganja vyeupe kama karatasi, na alipumua kama mtu aliyepanda mlima akikimbia. Alilazwa. Daktari alisema anahitaji damu haraka, na akiba ya hospitali ilikuwa ndogo, kwa hiyo tutafute ndugu na marafiki waje kutoa.

Mimi nilikuwa nimetoa muda si mrefu uliopita, wakanikatalia. Mama Achieng alipandishwa kwenye mizani, na uzito haukufika. Nereah alipimwa, akaambiwa damu yake mwenyewe haitoshi. Mwalimu Okoth ana kisukari na umri umekwenda.

Tukarudi Rodi kutafuta watu.

Nilitangaza kanisani. Nilisimama pale stage, kituo cha matatu, nikaongea na vijana wa boda boda mmoja mmoja. Nilituma ujumbe kwenye kila kundi la simu nililomo. Nilienda hadi kwa baba mdogo wa watoto, ndugu wa marehemu baba yao, mwanamume mwenye afya na ng'ombe na sauti ya kusikika. Aliniambia, "Nyar Kuria, nimekusikia. Tutaona."

Nyar Kuria ndiyo jina langu hapa: binti wa Wakuria. Nilizaliwa kule karibu na mpaka wa Tanzania, Kaunti ya Migori, na ingawa nimekaa hapa miaka, jina hilo halijanitoka. Wengine hulisema kwa upendo. Wengine hulitumia kunikumbusha mahali pangu.

Kila mtu alinisikia. Kila mtu alisema tutaona. Mmoja alisema ilikuwa siku ya soko. Mwingine alisema sindano humfanya azimie. Kijana mmoja wa boda boda, ambaye hata simfahamu vizuri, alizima pikipiki yake, akapanda gari nami, akatoa. Mmoja tu.

Achieng alipata damu ya yule kijana na akaamka kidogo. Aliomba soda. Tukafurahi. Kesho yake mchana hali ikashuka tena, na safari hii hakuamka.

Sijui kama damu zaidi ingemwokoa. Daktari hakusema hivyo, nami sikuthubutu kuuliza. Wauguzi walifanya kila walichoweza. Mmoja wao alilia nasi.

Ninachojua ni kilichofuata.

Hata kabla mwili haujatoka mochari, Rodi nzima iliamka. Kamati ya mazishi iliundwa. Baba mdogo ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hema likapatikana, viti, jenereta, vipaza sauti. Fahali akafungwa nyuma ya nyumba. Fulana zikachapishwa zenye picha ya Achieng akiwa na sare ya shule. Sare ile nilishona mimi, na pindo lake niliacha kubwa makusudi, lifunguliwe kila akirefuka.

Basi la shule likakodiwa kuwaleta ndugu kutoka Rongo na Migori mjini. Siku ile tuliyohitaji watu wa kwenda Homa Bay, ambako ni karibu hapa tu, gari halikuonekana.

Halafu baba mdogo akaja dukani kwangu. Alitaka gauni jeupe la kuzikia, la kitambaa kizuri kupita vyote. Alisema, "Hatutaki mtoto wetu aende kama maskini."

Nikashona. Sikuhitaji vipimo. Nilishona nikilia, na mara mbili nikalazimika kufumua mshono kwa sababu nilikuwa sioni ninachofanya.

Ijumaa ikafika. Sisi Wasabato hatuziki siku ya Sabato, kwa hiyo kila kitu kiliharakishwa. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba wengine walisimama kwenye shamba la mahindi la jirani. Niliwatazama wote wale, wazima, wenye nguvu, mikono imejaa mishipa, na kifuani kwa wengi picha ya mtoto akitabasamu. 

Mshereheshaji akaniita mbele. Akasema sasa tumsikie mama wa NGO aliyemsaidia marehemu. Nilikuwa nimepanga kutoa pole na kukaa chini. Mzee mmoja wa kanisa alisimama kando yangu kunitafsiria kwa Kiluo.

Nikasema, "Ouma, mdogo wake Achieng, ana ugonjwa huo huo. Kliniki yake ni Jumanne. Mara ya mwisho daktari alisema damu yake inashuka. Leo mko wengi sana. Nani atakuja na mimi Homa Bay Jumanne kutoa damu?"

Mzee akatafsiri. Kiluo changu ni kibovu, lakini masikio yangu ni mazima. Alisema kwamba mama huyu anawashukuru wote kwa kufika na anawaombea safari njema.

Nikamtazama. Hakunitazama.

Basi nikasema mwenyewe, kwa Kiluo changu cha kuokoteza: "Ng'a ma biro chiwo remo?" Nani atakuja kutoa damu?

Pale nyuma mtu alicheka, nadhani kwa jinsi nilivyotamka.  Nikarudia. Watu wakatazama viatu vyao. Nikasema, kwa Kiswahili sasa, kwamba fulana hiyo waliyovaa haiwezi kuingizwa kwenye mshipa wa mtoto.

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Muziki ukawekwa.

Ningependa kuandika kwamba mmoja alinifuata baadaye. Hakuna aliyenifuata.

Aliyenifuata ni Mama Achieng. Tulikuwa tumeshamzika mtoto, watu wanakula. Alinivuta nyuma ya jiko. Macho yake yalikuwa makavu. Nilidhani atanishukuru. Ndiyo, nilidhani hivyo.

"Nyar Kuria," alisema, "leo umeniaibisha."

Akawaelekezea kidole waliokuwa wakila.

"Hawa watu wamenizikia mtoto. Wamekuja wamelala nje na mvua. Wewe jioni utarudi kwa duka yako. Mimi nitabaki na hawa. Nikikosa unga ni hawa. Nikifa, ni hawa. Sasa umewaambia wameua mtoto wangu, mbele yangu, na yeye alikuwa bado hajafunikwa."

"Sikusema wameua."

"Umesema. Wote wamesikia." Akafuta mikono kwenye leso. "Jumanne usikuje. Nitampeleka Ouma mimi mwenyewe."

"Na damu ikihitajika?"

"Mungu anajua."

Akaenda kuwapakulia wageni.

Jana, siku ya Sabato, nilikwenda kanisani. Niliketi benchi langu la kawaida, na benchi likabaki langu peke yangu. Sikuwalaumu. Nilikuwa nimewavua watu nguo hadharani.

Leo adhuhuri tulikuwa na mkutano wa kikundi. Tulifika watatu. Mwalimu Okoth alieleza, kwa upole wake ule, kwamba mwenye stoo tunamohifadhi mahindi anataka ufunguo wake. Hakutoa sababu. Ni binamu ya baba mdogo. Nereah hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisema tu amechoka, kwamba wateja wamemuuliza kwa nini anatembea na mtu asiye na heshima kwa wafu, na kwamba angependa kupumzika kidogo. Kidogo. Nimemfahamu Nereah muda mrefu. Akisema kidogo hivyo, anamaanisha basi.

Kwa hiyo maneno yangu ya Ijumaa hayakumletea Ouma tone moja la damu, na sasa yamewanyima uji watoto wasiohusika kabisa.

Nilikaa pale baada ya wao kuondoka. Halafu nikajifunga leso, nikatembea kwenye mvua hadi boma la baba mdogo. Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimebadili mawazo. Nilikwenda kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

Alikuwa barazani peke yake. Hema lilikuwa limekunjwa nusu na viti vimepangwa vikisubiri mwenyewe. Alinikaribisha, akanipa kiti. Nikamwambia nimekosa. Nilipaswa kuongea naye na wazee kwanza, na sikupaswa kusema yale mtoto akiwa bado juu ya ardhi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ni mgeni," akasema. "Tumekusamehe. Hiyo imeisha."

Nikashukuru, nikainuka. Akasema nikae.

 Mvua ilipiga mabati.

"Hukuniuliza kwa nini sikuja hospitali," akasema.

"Kwa nini hukuja, mzee?"

"Kwa sababu wakitoa damu wanapima." Alikuwa akitazama viti. "Ndugu yangu, baba ya hawa watoto, alipimwa. Akaambiwa. Hakumaliza mwaka, na sio ugonjwa ulimmaliza, ni mawazo. Mimi sijawahi kupimwa. Mke wangu hajui kitu. Sijui kitu. Na si mimi peke yangu, Nyar Kuria. Ile watu uliona pale Ijumaa, unafikiri wanaogopa sindano?"

Nilimwambia siku hizi kuna dawa za virusi vya UKIMWI, watu wanaishi, wanazeeka. Alitikisa kichwa kama mtu anayejua yote hayo tayari. Alisema kujua hakusaidii kitu usiku ukilala.

 Nimewasindikiza wagonjwa wengi, na bado sikuwahi kufikiri kwamba nilipokuwa nikiomba damu, watu walisikia nikiomba siri zao. Nilidhani ni wachoyo. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wachoyo. Mchoyo unaweza kumchukia, ukarudi nyumbani ukalala.

"Na Jumanne?" nikauliza.

 Akasema lile neno lake. "Tutaona."

Safari hii sikukasirika. Lakini nikiri pia kwamba sikupata matumaini yoyote. Nilisikia tu mtu anayeogopa, na damu ya Ouma bado inashuka.

Nikitoka, nilipita kwa Mama Achieng. Mlango ulikuwa wazi. Ouma alikuwa amelala kwenye mkeka, mguu mmoja umekunjwa, nami najua akikunja mguu hivyo maumivu yameanza. Mama yake alinipa kikombe cha chai. Nikanywa. Hatukumtaja Achieng, hatukutaja Ijumaa. Nilipoinuka, akanisindikiza hadi barabarani, akiruka madimbwi mbele yangu.

Pale tulipoachana akasema, akitazama kwingine, "Jumanne nitakuwa stage mapema. Hawezi kutembea tena mbali, atataka kubebwa."

"Nitambeba," nikasema.

Akaitika kwa kichwa, akarudi.

Basi ndivyo ilivyo jioni hii. Kikundi karibu kimekufa. Stoo si yetu tena. Nusu ya mji hainiamkii. Jumanne tutakwenda Homa Bay mwanamke ambaye mizani inamkataa, mimi ambaye muda wangu wa kutoa haujafika, na mtoto anayehitaji kile ambacho hakuna kati yetu anayeweza kumpa. Daktari atauliza, "Mmekuja na nani?"

Nimekuwa nikitafuta jibu la swali hilo tangu nilipoketi kuandika, na sijalipata.

Nitambeba. Hilo ndilo ninaloliweza.