Upande wa Pili wa Bomba

Moroni, Jumatano

Ni mimi niliyestahili kwenda Mutsamudu. Badala yake, mimi karani wa hospitali, nilipiga taipu barua iliyompeleka muuguzi Youssouf huko kujifunza kutibu kisukari. Aliporudi nikampigia taipu hata maelezo yake ya masomo. Nimeyahifadhi yote kichwani.

Leo aliwafundisha wauguzi wenzake. Nilisimama mlangoni. "Karani, hapa hatupigi taipu!" akasema, wote wakacheka, hata Bi Zainaba, mgonjwa aliyekuwa amekaa tayari, mkono wa nguo ameupandisha.

Bomba letu la sindano lina mistari pande mbili, kila aina ya insulini, kali na hafifu, na upande wake. Youssouf akavuta dawa akisoma upande usio wa dawa hiyo. Dozi ingekuwa maradufu, na maelezo yanasema hiyo huweza kuua.

Nikanyamaza. Pamba ya spiriti ilipogusa ngozi ya yule mama ndipo niliposema, "Kaka Youssouf, upande wa pili."

Akatazama. Akamwaga nusu.

Nilitaka kuandika kwamba niliogopa. Tangu uhuru, na hasa mwaka huu, makarani wanafukuzwa kwa maneno machache kuliko hayo. Ni kweli, naogopa kila siku. Lakini pale mlangoni sikuogopa. Nilikuwa nangoja aaibike.

Wakati wa kutoka Bi Zainaba alinishika mkono. "Mungu akuhifadhi, mwanangu. Umeona upesi."

Niliona tangu sindano ilipokuwa bado ndani ya chupa.