Mashine Niliyoifunika Turubai

Jumamosi, mwezi wa sita. Kibiti mawingu mepesi, mvua hamna, na moyo wangu leo mweupe. Alhamdulillahi.

Mdogo wangu Shamte yupo nyumbani tangu juzi. Ni mwalimu wa uchumi chuoni Dar, na mwaka huu wamempa uprofesa. Kazi yake yote ni jambo moja: mwenye kiwanda au karakana akipata kitu kipya, tija inapanda? Isipopanda, kwa nini? Mimi darasa la saba, nina mashine ya kukoboa mpunga. Lakini utafiti wake wa kwanza ulianzia kwangu.

Na hapo ndipo nilipomdanganya.

Mashine mpya niliinunua zamani hizo, yeye akiwa ndiyo kwanza anaanza utafiti, kwa ushauri wake. Alipokuja na makaratasi kuuliza inakoboa magunia mangapi kwa siku, nikamtajia mengi. Kumbe nimeifunika turubai, ile kuukuu ndiyo inayonguruma.

Kina mama wa Maparoni waliikataa. Inatoa mchele mzima mbele, chenga zinatokea nyuma wasikoziona. Wao wamezoea kuondoka na vyote pamoja, maana chenga ndiyo uji wa watoto. Bi Mwanahawa alinisema mbele ya foleni: "Mwanangu, mpunga wangu umeingia mnene, umetoka umekonda. Mashine yako inakula?" Watu wakacheka. Nikaifunika, nikaona haya kumwambia Shamte.

Juzi kaniambia mwezi ujao anatoa mhadhara wa uprofesa wake, na mashine ya dada yake ataitaja. Asimame mbele ya wasomi na uongo wangu mdomoni mwake?

Leo baada ya Adhuhuri nikamwambia yote, macho yangu kwenye mkeka.

Akacheka taratibu. "Dada, siku ile niliegemea turubai lako, nikaondoka na vumbi mgongo mzima. Magunia yako niliyafuta kwenye makaratasi jioni ileile."

Akasema vumbi lile ndilo lililompa swali la kazi yake: mtu anunue kitu kizuri, kisha akifunike, kwa nini?

Sasa mbona hakuniuliza?

"Ungenidanganya tena. Nikaona bora ningoje."

Zaidi ya miaka ishirini! Kawauliza watu wa mbali huko, dada yake mwenyewe kamngoja.

Nikamsimulia habari ya chenga, naye anaandika, profesa mzima, karatasi kaiweka gotini. Na wakati nasimulia ndipo nikaona kitu ambacho aibu haikuniacha nikione. Beseni. Beseni moja tu pale nyuma, kila mama azione chenga zake kwa macho yake, aondoke nazo.

Ya Rabi, uongo mdogo umenikalisha gizani miaka yote.

Kesho, nikijaliwa, nalitoa turubai. Pengine panya wamekula mikanda, sijui. Nitatengeneza. Beseni ninalo, na Bi Mwanahawa nimeshamtumia salamu: aje yeye wa kwanza, na akae nyuma.