Maji Yaliyofika Kiunoni

Jumanne, 3 Septemba 2024

Kasiva amenyonya usiku kucha. Leo natembea kama mtu aliye ndani ya maji.

Injinia amefika mtoni. Nyawira, msichana wa Nyeri, mdogo kwangu. Sisi wa mwethya, kikundi chetu cha kazi, tulikaa juu ya mawe tuliyobeba tangu Julai. Ukuta tutakaojenga kukatiza mto utashika mchanga, mchanga utashika maji, na kiangazi tutachota hapa hapa chini ya boma.

Alifungua kompyuta – mto wetu uko ndani! Kona ile, mwamba ule, hata boma za watu, visanduku vidogo vya kahawia. Akabonyeza, mafuriko yakaja. Maji ya bluu. Hayana sauti, hayana tope, hayabebi mbuzi ya mtu. Yakapanda ukutani polepole, yakapita juu katikati kama maziwa yakifurika sufuria. Nilikuwa nanyonyesha. Nilitaka kuangalia tu hivyo mpaka nilale.

Alhamisi, 5 Septemba

Injinia anauliza mafuriko makubwa yalifika wapi. Kila mtu na yake. Mimi najua. Nikiwa darasa la pili maji yalitukuta hapa na mama. Alishikilia mwamba, mimi mgongoni. Yalifika kiunoni mwake, yakasimama, yakaanza kushuka.

Niko urefu wa mama. Nyawira akanisimamisha kando ya mwamba, akanipima na tepu kutoka mchangani mpaka kiunoni. Mita moja na kidogo. Akaandika, na jina langu pia. Kaluki, mwenyekiti wetu, akasema basi kiuno cha Nthenya sasa ni cha serikali, nisikikaze leso bila ruhusa. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Jumamosi, 7 Septemba

Nilienda kufua kwenye shimo la maji. Kasiva amelala mgongoni, jua tamu, mimi nusu macho. Nikaegemea mwamba ule ule. Nikainua mkono kutafuta lile tundu ambalo mama alilishikilia. Vidole vyake vilikuwa hapo, mbele ya macho yangu.

Mkono haukufika. Tundu liko juu ya kichwa changu, mbali.

Mwamba haukui. Ni mchanga umeshuka! Malori ya wauza mchanga yameuchota miaka yote hii. Tumepima kiuno kutoka chini ambako mama hakuwahi kusimama.

Jumatatu tunaanza msingi.

Jumapili, 8 Septemba

Mahubiri sikusikia. Niliona bluu tu.

Baada ya ibada nikamwambia Kaluki. Ukuta utakuwa mfupi, maji yatazunguka pembeni yakule ukingo. Akanitengenezea leso begani. Akasema wamama wamechoka, mawe yalibebwa na migongo, na mimi mwenyewe silali, ndiyo maana naona vitu.

“Mwaitu, mama, nimechoka,” nikamwambia. “Lakini sijaota. Ule mkono ulikuwa wa mama yangu.”

Aliniacha nimesimama.

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika mtoni, juu ya mawe. Sululu ziko chini. Wengine hawanisemeshi.

Nilimpeleka Nyawira kwenye mwamba kabla mtu hajachimba. Alipima mpaka tundu, halafu nikamwonyesha lilikuwa wapi kwa mama: usawa wa kifua. Mchanga umeshuka zaidi ya mita moja. Hakunigombeza. Alisema kosa ni lake, alipaswa kuuliza zamani mchanga ulifika wapi. Ikiwa ni kweli, ukuta urefushwe pande zote mbili, na mawe mengine yabebwe kabla ya mvua ya Oktoba. Mtu nyuma yangu akasonya.

Sasa kompyuta inahesabu upya. Itachukua saa nzima, na picha inakuja kidogo kidogo. Bluu imepanda. Imepita juu ya ukuta, sasa inatafuta pembeni, upande wa kushoto, taratibu, kama mtoto akipapasa titi gizani. Ni nzuri kuangalia. Hiyo ndiyo mbaya.

Kaluki amesogea. Amemchukua Kasiva kutoka kwangu bila kuuliza, ameinama kwenye kioo.

“Hako kasanduku kadogo,” amesema, “karibu na maji. Ni kwa nani?”

Sote tunajua ni boma lake mwenyewe.