Kondoo wa kwanza wa Jepkoech

Nuria, bado nacheka. Nilikuwa namweleza nyanya vile molekuli za oksijeni hushika hemoglobini, ile protini ya kuzibeba kwa damu: ya kwanza huingia kwa shida, lakini ikishashika, zingine huingia rahisi.

Akasema hiyo ni harusi yake, Molo, 1956.

Unajua kwao bibi arusi haingii kwa mume mpaka aahidiwe mifugo. Basi nyanya, Jepkoech wa siku hizo, akasimama mlangoni na hiyo baridi, hasongi. Wakwe wanaangalia viatu tu, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuahidi.

Mwishowe shangazi ya bwana arusi akasema, "Natoa kondoo." Jepkoech akasongeza mguu mmoja. Wee, wakaanza kushindana: mbuzi, mtamba, ng'ombe wa maziwa.

Na huyo kondoo? Alikuwa wa Jepkoech mwenyewe. Alimpelekea huyo shangazi mapema, ndio mtu aanze.