Kura Saba Zilizofanana

Jumamosi, alasiri. Joto limeukalia mji wa Garissa tangu asubuhi, na mimi nimekalia simu ambayo sijaijibu.

Ni Bwana Abdi, mwenyekiti wetu. Tuko waamuzi watatu wa tuzo ndogo ya vitabu vya watoto hapa mjini, na riwaya nne zimebaki. Wenzangu wawili wamechagua moja. Mimi nimependa nyingine. Ananiomba nikubaliane nao ili tutoe kauli moja, na anataka jibu kabla ya magharibi.

Kauli moja. Maneno hayo yamenirudisha darasa la saba, miaka ya tisini.

Tulikuwa wasomaji saba. Tuzo fulani ya Nairobi ilitaka watoto wapige kura, basi mwalimu wetu, Mwalimu Mutua, akaandika barua baada ya barua hadi tukaletewa katoni ya riwaya tano. Sikuwa nimeona vitabu vipya namna ile. Tulivinusa kabla ya kuvisoma. Kila kitabu ulikaa nacho siku tatu, kisha ukampa mwenzako, na ole wako ukikunja ukurasa.

Mimi nilisomea kwenye foleni ya maji, nimekalia jerikeni. Kilichoniteka ni kile cha msichana na baba yake fundi wa redio, katika mji ambako mvua ilinyesha karibu kila ukurasa. Kwetu mwaka ule haikuwa imenyesha. Nilikisoma polepole makusudi, kisije kikaisha.

Wenzangu walipenda cha ngamia. Ngamia mwenyewe alinyweshwa maji kila asubuhi kama punda! Tulicheka mpaka machozi, tukasema mwandishi huyu hajachunga hata mbuzi. Lakini alikuwa ngamia, na alikuwa ndani ya kitabu. Hilo liliwatosha.

Mwalimu alitugawia karatasi za kura, akasema kila mtu ajaze yake na aeleze sababu. Sisi tukafanya tulivyowaona baba zetu wakifanya. Tukakaa kikao nyuma ya tangi la maji. Kwetu kikao hakimalizwi kwa kuhesabu mikono. Kinamalizika pale anayepinga anapokubali. Nilibishana hadi kengele ikakaribia kulia. Ndipo rafiki yangu Fatuma akanishika mkono.

"Abaayo, kubali tu. Watu sita nasema kitu moja, wewe peke yako nasema ingine kwa nini?"

Abaayo, yaani dada. Ukiitwa hivyo unakataaje? Nikaandika ngamia. Hata sababu tuliandika sentensi ileile, asije mmoja akaonekana amejitenga.

Baada ya wiki kadhaa barua ikaja. Kura zetu hazikuhesabiwa. Zilifanana mno, walisema, na bila shaka mwalimu ndiye aliyewaamulia watoto.

Mwalimu alitusomea barua hiyo akiwa amesimama mlangoni. Sisi tulikuwa tukingoja sifa kwa kukubaliana vizuri, na sasa aibu ilikuwa imemwangukia yeye. Kisha akanitazama. Alikuwa ameniona siku zote tatu nikitembea na kile cha redio kifuani.

"Halima, wewe hasa ulipenda kipi?"

Nikasema, cha ngamia, mwalimu.

Alikunja barua akatufundisha hesabu. Katoni nyingine haikuja.

Naikumbuka harufu ya vitabu vile na moyo unanilegea. Natamani hata ile foleni ya maji, na Fatuma nyuma yangu akinihimiza nimalize haraka, zamu yake imefika. Ila nakiri hapa, ambako sikuwahi kukiri: kura moja tofauti ingemwokoa mwalimu, na ilikuwa yangu.

Muadhini hajaadhini bado. Nimemwandikia Bwana Abdi kwamba wao wawili wameshinda na nitashangilia pamoja nao, lakini kura yangu iandikwe kama ilivyo.

Na wewe, Mwalimu, popote ulipo: kile cha redio.